Maisha ya Mzee Nyoosha, Dobi Aliyelitunza Gauni la Bibi

Wiki tatu kabla ya kufariki, marehemu alimwita binti yake wa kwanza, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, akamkalisha kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Najua siku hiyo mtasoma wasifu," alisema. "Nimehudhuria mazishi mengi. Kila anayezikwa alikuwa mpole, mnyenyekevu, hajawahi kugombana na mtu. Nakuomba, mwanangu: suti yangu ipigeni pasi, lakini maisha yangu msiyapige pasi. Iacheni mikunjo."

Basi tumeiacha.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Nyoosha, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1946, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mdogo wake wa kike, ambaye sisi tunamwita Shangazi na ambaye leo ameketi pale mbele, alizaliwa mwaka 1949. Mama yao alifariki mwaka 1951 kwa homa ya siku tisa. Baba yao alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili ana haraka. Watoto wakachukuliwa na bibi yao, mzaa mama yao, mwanamke mfupi, mwembamba kama ufito, aliyekuwa akifua nguo za watu majumbani. Huyo ndiye aliyewalea. Marehemu alikuwa akisema kwamba alijua kukamua shuka kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Bibi huyo hakuwa na vitu vingi. Alikuwa na pasi ya mkaa, mabeseni matatu, na sanduku la bati lenye nguo zake za harusi. Gauni alilishona mwenyewe mwaka 1921, kwa muda wa miezi kumi na mmoja, akitumia vitambaa alivyovipata kidogo kidogo. Kwa hiyo halikuwa jeupe moja. Kifua kilikuwa na weupe wa maziwa, mikono weupe wa chumvi, sketi weupe wa karatasi. Pamoja nalo kulikuwa na shela ndefu na mkanda wa hariri. Mara moja kwa mwaka Bibi alilitoa, akalianika kivulini, kamwe si juani, halafu akawaita wajukuu wake wawili walikunje upya. "Msilikunje palepale pa mwaka jana," aliwaambia. "Mkunjo ukikaa mahali pamoja hukata kitambaa." Marehemu alishika upande wa kola, Shangazi upande wa pindo, na ole wake atakayekuja na mikono isiyooshwa.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1954 na kumaliza darasa la nane Desemba 1961. Hakuwa mtu wa kushika namba za juu. Hesabu zilimshinda na yeye akazisamehe. Lakini shati lake, ingawa lilikuwa na viraka vinne, lilikuwa limenyooshwa kiasi kwamba mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya wenzake kila Jumatatu kama mfano. Sifa zikamponza. Akiwa darasa la sita, alianza kuwapigia pasi mashati wenzake kila asubuhi kabla ya kengele, akawa anachelewa yeye mwenyewe kwa kuwawahisha wengine. Aliadhibiwa mara mbili. Siku ya mara ya tatu mwalimu alikuja na shati lake mwenyewe mkononi, na mambo yakaishia hapo.

Mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na sita, aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na miwili. Kilikuwa chumba kirefu chenye mapipa ya kuchemshia mashuka, mvuke usiokwisha, na sakafu yenye maji tangu asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo alipopata jina lake, kwa kuwa kila alipoona kitu kimejikunja, kiwe shuka au mazungumzo, alisema, "Lete hapa ninyooshe." Mwaka 1984 alifungua duka lake la dobi: chumba kimoja chenye madirisha mawili, kati ya kinyozi na fundi viatu, kwenye mtaa ambao nusu ya waliopo hapa leo wanaufahamu. Alifanya kazi kwa utaratibu ambao haukubadilika. Kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo, kifua mwisho. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Kwa sababu mwenye shati anajitazama kifua, lakini wengine wote wanamtazama kola."

Hospitalini ndipo alipokutana na mke wake. Mama yetu alikuwa karani mpiga chapa, na kila wiki aliandika orodha ya nguo zinazokwenda kufuliwa. Siku moja mwaka 1969 marehemu alipanda ngazi hadi ofisini na karatasi mkononi.

"Dada, samahani. Hapa umeniandikia mashaka mia mbili na kumi na mbili."

Mama aliitazama karatasi. Ni kweli, mashuka yote yalikuwa yamegeuka mashaka. Hakutaka kuonekana ameshindwa.

"Na ukiendelea kusimama hapo," alijibu, "yatakuwa mia mbili na kumi na tatu."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970. Marehemu alitamani sana bi harusi avae gauni la Bibi, ila palikuwa na jambo moja dogo, au tuseme kubwa: Bibi alikuwa ufito, na mama yetu, kama mnavyomwona, ni mtu wa haja. Gauni lilifika kwenye viwiko likagoma. Bibi, aliyekuwa hai na mwenye nguvu, akachukua mkasi. "Tulipanue. Nguo ni ya kuvaliwa." Marehemu akamshika mkono. Alisema hawezi kuona mkasi ukiingia pale. Mama akavaa shela peke yake, na gauni jingine chini yake, na kwa miaka mingi baadaye alipenda kuwaambia wageni kwamba ameolewa kuanzia shingoni kwenda juu.

Sasa tunafika kwenye mkunjo wenyewe.

Bibi alifariki Jumapili tarehe 3 Februari 1974. Wajukuu wake wote wawili walikuwepo. Marehemu alikuwa ameketi kitandani, Shangazi amesimama mlangoni na bakuli la uji. Bibi alilitazama sanduku, akasema neno moja kuhusu gauni, na hakulizungumzia tena. Marehemu alieleza kila mtu kwamba Bibi alisema, "Litunze." Shangazi alisema kwamba Bibi alisema, "Litunzeni." Tofauti ni silabi moja. Lakini anayeambiwa "litunze" ni mmoja, na wanaoambiwa "litunzeni" ni wawili.

Sanduku likaenda kwa marehemu. Alilitunza kama mboni ya jicho. Alinunua karatasi za bluu za kufungia gauni lisiwe na umanjano, alilianika kivulini kila mwaka, na alilikunja upya peke yake, jambo ambalo ni gumu kwa mtu mmoja. Mwaka 1977 Shangazi akachumbiwa. Alikuwa tayari fundi cherehani, na mwili wake ulikuwa ule ule wa Bibi. Alikuja nyumbani Jumamosi mchana, mwenye furaha.

"Kaka, nimekuja kuchukua gauni."

"La Bibi?"

"Kwani lako?"

Marehemu hakucheka. Alimwambia kitambaa cha mabega kimechoka. "Ukiinua mkono tu kuwapungia watu, litachanika."

"Basi sitapunga."

"Dada, haiwezekani."

"Mimi ni fundi. Nitaliimarisha kwa ndani, hata wewe hutaona uzi."

"Nimesema haiwezekani."

Shangazi aligeukia mlango. Kisha akasema, "Wewe hulitunzi lile gauni. Umelifunga jela." Akaondoka bila kunywa chai.

Aliolewa akiwa amevaa gauni la kuazima lililomzidi urefu. Asubuhi ya harusi marehemu alikwenda na pasi yake, akaomba angalau alinyooshe. Shangazi alimjibu mlangoni, kwa adabu zote, "Ahsante, Kaka, limeshanyooshwa." Marehemu alituambia kwamba hakuna tusi alilowahi kutukanwa lililomuuma kuliko hiyo ahsante.

Kwa miaka kumi na sita ndugu hawa wawili waliishi mitaa miwili kutoka mmoja kwa mwingine. Walihudhuriana kwenye shida. Walipelekeana watoto wakati wa likizo. Lakini walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki, na jina la Bibi halikutajwa. Sisi watoto tulijua tu kwamba Shangazi haingii dukani kwa Baba. Tulidhani ni kwa sababu ya mvuke.

Jumanne tarehe 9 Novemba 1993, saa nne asubuhi, tangi la maji lililokuwa juu ya dari ya duka lilipasuka. Maji yalishuka kama yametumwa. Dukani kulikuwa na nguo arobaini na tatu za wateja: suti, sare za wauguzi, mapazia ya mkurugenzi fulani aliyekuwa mkali kuliko mapazia yake. Kulikuwa pia na sanduku la bati chini ya meza, kwa kuwa paa la nyumbani lilikuwa linatengenezwa na marehemu aliona dukani ndipo penye ukavu. Alianza kuzitoa nguo za wateja. Alimpa kinyozi, kinyozi akampa fundi viatu, fundi viatu akazitundika kwenye kamba zake za viatu. Kinyozi, ambaye alilijua lile sanduku, alimpigia kelele, "Nyoosha, lako je?" Marehemu alijibu, "Nguo za watu ni amana. Endelea kupokea."

Kinyozi akamtuma mke wake mbio kwa Shangazi.

Shangazi aliingia dukani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hakusalimia.

"Sanduku liko wapi?"

"Chini ya meza."

Alipiga magoti ndani ya maji, akalivuta mwenyewe hadi nje, akafungua. Maji yalikuwa yameingia kiasi cha shubiri moja. Bati la zamani lilikuwa limeshika kutu, na kutu ilikuwa imeingia kwenye sketi, upande wote wa pindo, rangi ya chai. Marehemu, aliyekuwa ameokoa nguo arobaini na tatu bila kupoteza hata kifungo, alipindua beseni akalikalia, akafunika uso kwa mikono.

"Usikae," Shangazi alimwambia. "Kutu ikikauka haitoki. Una chumvi? Nitafutie malimau."

Walilifua siku nne, nyumbani kwa Shangazi, kwenye beseni pana, kwa malimau na chumvi na maji ya vuguvugu. Hawakusugua. Walibonyeza, wakasubiri, wakasuuza, wakabonyeza tena. Mwanzoni walizungumza juu ya kazi tu: shika hapa, geuza, ongeza. Siku ya tatu, mikono yao yote minne ikiwa ndani ya maji, marehemu alisema, bila kuinua macho:

"Alisema 'litunzeni'."

"Najua."

"Nilisikia."

"Najua kwamba ulisikia," Shangazi alijibu. "Ndicho kilichonikasirisha. Ungekuwa kiziwi, Kaka, ningekusamehe siku ile ile."

Marehemu alisema aliogopa. Kwamba tangu mama yao alipofariki, hakikubaki kitu kingine ndani ya nyumba ambacho hakikuchakaa wala kuondoka, na hakutaka kuwa yeye aliyekiachia mlango wazi. Shangazi alimpa ncha ya pindo aishike.

Doa moja halikutoka, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Liko hadi leo, nyuma, karibu na chini, na hakuna anayelificha.

Gauni lilipokauka, Shangazi aliimarisha mabega kwa ndani, na kweli uzi hauonekani. Alipotaka kulirudisha, marehemu alikataa kulipokea. Alimwambia alivae kwanza. Shangazi alikuwa na miaka arobaini na minne, watoto watatu, miwani kwenye pua. Alicheka, akakataa, akaenda nyuma ya pazia la wateja, akalivaa. Alitoka akasimama mbele ya kioo kirefu. Lilimkaa kama alipimiwa yeye. Mume wake, aliyekuwa amekuja kuuliza chakula, alisimama mlangoni akasahau alichokuja kuuliza.

"Punga mkono," marehemu akamwambia.

Shangazi akapunga. Mabega yakashika.

Tangu siku hiyo gauni lilitoka jela. Mkasi nao uliingia, mikononi mwa Shangazi: aliongeza vipande pembeni vinavyoweza kufungwa na kufunguliwa, kwa kitambaa chenye weupe wa nne. Tarehe 12 Desemba 1995, siku ya kuadhimisha miaka ishirini na tano ya ndoa, mama yetu alilivaa. Alisema, "Leo nimemalizia kuolewa." Binti yake, msomaji huyu, alilivaa mwaka 1998. Binti wa kinyozi alilivaa mwaka 2000, ingawa si damu yetu, na marehemu ndiye aliyekwenda kumshawishi baba yake asione haya. Binti wa Shangazi alilivaa mwaka 2002. Pamoja na wengine, jumla ni maharusi tisa. Kabla ya kila harusi marehemu alilinyoosha mwenyewe, kitambaa chembamba juu yake, pasi ya moto mdogo, akiimba kwa sauti mbaya. Na kila mwaka waliliweka upya pamoja, yeye upande wa kola, Shangazi upande wa pindo, wakibishana juu ya nani anavuta sana.

Mwaka 2019 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Miguu ilikuwa ikivimba jioni. Daktari alimkataza kusimama muda mrefu. Marehemu alimsikiliza kwa heshima, akarudi nyumbani, akaamuru meza ya pasi ikatwe miguu ili aifikie akiwa ameketi. Duka akamwachia mwanawe wa mwisho. Hakulalamika sana. Alisema mwili ni nguo, na yake ilishafuliwa vya kutosha.

Mwaka huu wa 2023 mjukuu wake wa kwanza, fundi umeme, alichumbiwa. Mama yake, yaani msomaji huyu, alikwishaamua siku nyingi kwamba mtoto huyo atakuwa bi harusi wa kumi. Mtoto akasema atavaa suti nyeupe ya suruali, kwa sababu ndivyo alivyo na ndivyo mwenzake anavyomjua. Pakawa na maneno. Pakawa na machozi. Mwishowe mjukuu alikwenda kwa babu yake.

"Babu, utakasirika?"

"Suruali yenyewe ina mkunjo wa mbele?"

"Ina."

"Basi ilete. Mkunjo wa suruali si kazi ya kumwachia mtu yeyote tu."

Jioni alimwita binti yake. "Mimi nilimnyima dada yangu gauni alilolitaka," alimwambia. "Wewe unamvisha mwanao gauni asilolitaka. Kosa ni lile lile, mwanangu, umeligeuza tu nje ndani. Mwache." Msomaji huyu alinuna siku mbili, kisha akamwacha. Jumamosi tarehe 19 Agosti mjukuu aliolewa, amependeza, na mkunjo wa suruali yake ulikuwa umenyooka kiasi cha kukata mkate. Marehemu alikuwepo kwenye kiti chake, mstari wa mbele, akiwaonyesha watu mkunjo kwenye magoti ya bi harusi.

Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 2 Septemba 2023, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Hakuteseka. Alikuwa amekunywa nusu ya chai na kuomba dirisha lifunguliwe. Mke wake alikuwa akimsomea gazeti na kumwonyesha makosa ya uandishi. Alipogeuka kumwonyesha la tatu, alikuwa ameshaondoka. Shangazi alifika kabla ya wote. Suti aliyovaa marehemu leo, Shangazi ndiye aliyeinyoosha, kola kwanza.

Marehemu ameacha mke, aliyeishi naye miaka hamsini na miwili na miezi kadhaa, mdogo wake mmoja, watoto watatu, ambao ni mwalimu wa hesabu, dereva wa basi na dobi, wakwe watatu, wajukuu saba, na kinyozi, ambaye familia imeamua kumweka kwenye orodha hii na si kwenye ile ya marafiki. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia kwa miaka minne, na majirani ambao wiki hii hawakuruhusu moto wa jikoni kwetu uzimike.

Kuna tangazo moja la mwisho. Kwenye meza yake ya pasi tumekuta mashati manne, yamekwisha kazi, yamekunjwa. Moja ni la buluu lenye mistari, mawili meupe, na moja dogo la shule. Hakuandika ni ya nani, alijua kichwani. Wenyewe tunaomba mpite nyumbani baada ya mazishi, mnywe chai, myachukue. Yako tayari.

Na sasa, Baba, mikono ipumzike na wewe upumzike, kwa amani.